Safu ya Mwisho

Rejista ya leba ina safu nyingi. Namba, jina, umri, mimba ya ngapi, saa ya kujifungua, jinsia na uzito wa mtoto, kondo la nyuma limetoka saa ngapi, damu iliyopotea. Safu ya mwisho ni ya matokeo, nayo ni nyembamba kuliko zote. Unaandika neno moja, hai au amefariki, halafu unageuza ukurasa. Niliijaza safu hiyo kwa miaka 11 katika hospitali moja kubwa ya mjini, na kufikia mwaka 1998 nilikuwa sina tena habari na kilichokuja baada yake.

Sikuianza kazi hivyo. Siku ya kwanza niliyomshika mtoto mchanga chuoni, bado ana utando mweupe mgongoni, nilitetemeka magoti mpaka mwalimu akanivutia kiti. Lakini leba ya mjini miaka ile ilikuwa na wakunga wawili usiku, wakati mwingine mmoja. Akina mama walilala wawili kitanda kimoja, wa tatu akatandika khanga sakafuni. Tangu 1993 kuchangia huduma kulikuwa kumeanza na ajira za serikali zilikuwa zimesimamishwa, basi mama alikuja na glavu zake, wembe wake, pamba yake na uzi wake ndani ya mfuko wa nailoni, na aliyekuja mikono mitupu alianza kwa kuomba radhi. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja, huyu Botswana, yule Uingereza, mwingine akafungua duka la dawa. Sisi tuliobaki tuliacha kuwaita watu majina. Tuliitana kwa sauti kutoka mlango hadi mlango: kitanda cha tatu, sentimita nane, kitanda cha tano, presha imepanda.

Alfajiri moja mama alitufia. Nilifanya yote yaliyotakiwa, nikaijaza safu, nikanawa mikono, nikavua aproni. Getini nikanunua chapati mbili na chai ya rangi, nikala nikamaliza. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba yule mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa muda mrefu. Nikajilaza nijaribu kuikumbuka sura yake. Haikuja. Iliyokuja ni ile shuka ya mpira mwekundu ya kitandani, na maji yakitiririka juu yake.

Wiki ile nikaandika barua ya kuacha kazi. Matroni wetu aliisoma amesimama, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mwanangu," alisema, "kuna wilaya inaomba mkunga na hakuna anayetaka kwenda. Nenda mwaka mmoja tu. Ukirudi na moyo huu huu, barua hii naipeleka mimi mwenyewe."

Ilichukua miezi mingi ya makaratasi. Septemba 1999 nikapanda treni Tabora, ile inayoacha reli kuu Kaliua na kukata kusini hadi Mpanda. Kutoka Mpanda nikapewa nafasi juu ya lori la mizigo, zaidi ya kilomita 100 za vumbi na miombo, mbung'o wakituingia kwenye nguo kana kwamba wao ndio wenye gari. Jioni ya siku ya pili lori likashuka mteremko na Ziwa Tanganyika likajitandaza mbele yetu, kubwa na tulivu, milima ya Kongo ikionekana ng'ambo kama moshi. Hapo ni Karema. Wabelgiji walijenga ngome yao hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika, wale mapadri tuwaitao White Fathers. Zamani maji yalikuwa karibu na ngome. Ziwa limerudi nyuma, na kuta nene zimebaki zinatazama nchi kavu.

Kijiji changu kilikuwa mbele zaidi, mwendo wa saa tatu kwa boti yenye injini. Zahanati ilikuwa vyumba viwili na baraza chini ya bati. Tulikuwa watatu, tabibu mzee aliyekaribia kustaafu, mhudumu mmoja na mimi. Jokofu letu lilikuwa la mafuta ya taa, na nilijifunza haraka kwamba hilo ndilo mgonjwa wetu wa kudumu. Utambi ukikatwa vibaya moto unakuwa wa njano, masizi yanaziba bomba, na baridi inakata. Mwali unatakiwa uwe wa bluu, mfupi, umetulia. Humo ndani kulikuwa na chanjo zetu, matone ya polio, chanjo ya surua, ya kifua kikuu, ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, na pembeni vichupa vichache vya egometrini ya kuzuia damu. Kipimajoto kisipite nyuzi 8. Kwa miaka sita jambo la kwanza nililofanya kila nilipoamka usiku lilikuwa kupiga magoti na kuutazama ule mwali.

Mwezi mmoja baada ya kufika kwangu, tarehe 14 Oktoba, redio ya mwenye duka ilitangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Watu walikaa chini mchangani palepale walipokuwa. Sikuwa najua mtu, lakini wanawake wakanisogezea mkeka.

Palikuwa na bibi mmoja, mkunga wa jadi, ambaye nilikuwa nimeonywa juu yake mjini. Jihadhari na hao, niliambiwa, watakuletea kesi zilizoharibika. Yeye hakuniletea kesi. Alikuja asubuhi moja, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi la baraza na bakora yake.

"Yule wa Ijumaa amekwendaje?"

"Yupi, bibi?"

"Uliyemzalisha Ijumaa. Mke wa fundi mitumbwi."

"Aliruhusiwa Jumamosi. Yeye na mtoto, wazima."

"Najua aliruhusiwa, nilimwona akipita. Nakuuliza amekwendaje."

Sikuwa na jibu. Akainuka, akaanza kutembea, nami nikamfuata kwa sababu ingekuwa aibu kutomfuata. Tulimkuta mama ana homa, ziwa moja limevimba na kung'aa. Kitovu cha mtoto mama mkwe alikuwa amekipaka majivu, na ngozi ya pembeni ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Katika rejista yangu wote wawili walikuwa hai, tena kwa mwandiko mzuri. Tulisafisha kitovu, tukamkamua mama maziwa kwa kitambaa cha moto, nikarudi mbio kuchukua dawa. Siku nne mfululizo nilikwenda nyumba ile, na siku ya nne mtoto akanyonya ziwa lililokuwa bovu, mama yake akafumba macho kwa nafuu. Nilikuwa nimezalisha maelfu ya watoto. Sikuwahi kuona siku ya nne.

Bibi yule alikuwa na mkono wa kushoto uliopinda kidogo juu ya kiwiko. Aliuvunja utotoni alipoanguka kwenye mwembe, na baba yake akapiga makasia naye mpaka Karema kwa Atiman. Sikuwa nimelisikia jina hilo chuoni, na hadi leo jambo hilo linanisikitisha. Adrian Atiman alizaliwa nchi za mto Niger, karibu na Timbuktu, miaka ya 1860. Alitekwa mtoto akauzwa kupitia jangwani, mapadri wakamkomboa Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 akafika Karema, akiwa kijana wa ishirini na kitu, akaoa hapo, na hakuondoka. Alitibu mwambao ule hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake. Lakini bibi hakumsimulia kama mtu wa hospitali. Alisema, "Alimtibu baba yangu, akanitibu mimi, akamtibu mwanangu wa kwanza." Alihesabu kwa vidole vya ule mkono uliopinda. Nami nilikuwa nimekuja kwa mwaka mmoja, na barua yangu ilikuwa inanisubiri mfukoni mwa mtu.

Kliniki ya watoto ilikuwa Jumatano. Mzani tuliutundika kwenye tawi la mwembe na watoto wakaning'inia humo na suruali zao za kitambaa wakipiga mateke. Kati yao palikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa hataki kushuka. Mwezi baada ya mwezi nilitia nukta kwenye kadi yake na mstari ukapanda katika ile njia ya kijani, vizuri kabisa, na mama yake akaichukua kadi kwa mikono miwili kama hati ya shamba.

Januari 2000 mvua zilikuwa kubwa. Walimleta usiku, anahema haraka, viganja vyeupe kama karatasi. Malaria ilikuwa imemaliza damu. Miaka ile klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza na tulishaanza kuona watoto wanaimeza na homa inarudi. Mwaka uliofuata serikali iliibadilisha. Tulimtundikia kwinini. Alichohitaji ni damu, na damu ilikuwa mbali. Boti ilikuwepo, petroli haikuwepo. Wanaume walikwenda nyumba kwa nyumba na dumu, wakipewa nusu lita hapa, robo pale. Walipofika na ya kutosha kulikuwa kunakucha, na mtoto alikuwa amekwisha kufa, mkono wangu uko kifuani pake.

Nilifungua rejista nikaandika neno lile. Bibi alikuwa mlangoni.

"Funga hilo daftari. Twende matangani."

Niliogopa. Mjini hatukuwahi kwenda msibani kwa mgonjwa. Tulitoka mlango wa nyuma. Nilidhani watanitazama vibaya. Niliingia nimeinama, nikakaa ukingoni mwa mkeka, na mama wa mtoto akajisogeza taratibu akaniwekea kichwa chake pajani. Hapo nikalia. Nilimlia yule mvulana asiyetaka kushuka mzanini, na nadhani nilimlia pia mama wa mjini ambaye sura yake sikuweza kuipata, na wengine wengi niliokuwa nimewageuzia ukurasa. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Siku tatu nilikuwa pale kila nilipotoka zahanati, nikateka maji na kuosha sufuria pamoja na wengine.

Siku ya tatu, wanaume wamekaa upande wao, mjumbe alinikaribisha niseme chochote kama mtu wa afya. Sikuwa nimejiandaa. Nilisimama nikawaambia kilichomuua mtoto wetu. Nilisema kwanza ni malaria, pili ni damu iliyokwisha, tatu ni saa tano tulizozunguka na dumu. Nilisema la kwanza na la pili ninaendelea kupigana nayo, lakini la tatu liko mikononi mwa watu waliokaa hapa. Pakawa kimya. Kisha baba wa marehemu mwenyewe, ambaye hakuwa amezungumza tangu mazishi, akauliza dumu moja la lita 20 linauzwaje siku hizi.

Kuanzia wiki ile, chini ya meza ya zahanati kulikuwa na dumu la njano lisiloguswa. Kila boti ya dagaa ilitoa kidogo baada ya mavuno. Mtunza funguo alikuwa yule baba.

Wavuvi wa dagaa hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Mwezi ukipotea wanakwenda na karabai zao, na kutoka ufukweni ziwa linaonekana kama mji uliowashwa taa. Usiku mmoja wa Aprili mwaka ule ule, giza totoro, bibi aliniletea mama kutoka kambi ya wavuvi. Alikuwa amevuka kutoka Kongo wakati wa vita vya 1998 na watoto watano, na huyu alikuwa wa sita. Mtoto alitoka vizuri, analia. Kondo halikutoka. Saa nzima ikapita, damu ikaanza kushuka, kwanza kidogo, kisha kama bomba limefunguliwa. Nikamchoma egometrini. Nikavaa glavu ndefu, nikaingiza mkono nikalitoa kondo kwa vidole, bibi akishika taa na kumnong'oneza mgonjwa maneno ambayo sikuyaelewa. Kizazi kikikaza, baada ya dakika chache kinalegea tena. Dripu zetu zilikuwa mbili.

Wenye injini wote walikuwa majini. Mhudumu akakimbia shuleni, na ile rimu ya lori inayotumika kama kengele akaipiga kwa nondo mfululizo. Nilikuwa nimetoka nje kuchukua maji, nikaona. Taa moja kule ziwani iligeuka. Kisha ya pili, kisha nyingi, zinakuja. Watu walikuwa wameacha nyavu.

Baba mwenye funguo alileta dumu amelibeba begani, akalimimina mwenyewe, hata tone halikumwagika. Tulimlaza mama kwenye godoro katikati ya boti, mimi na bibi tukipokezana kukanda tumbo lake ili kizazi kisilegee, mtoto amefungwa kifuani kwa dada yake. Nilimwambia mama asilale. Nilimwambia anitajie watoto wake, na akimaliza aanze upya. Saa tatu alitaja. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano kwa majina yao, na kila alipofika wa sita alisema, "Huyu bado." Sauti ilikuwa inapungua, nami nikamkandamiza zaidi nikisema rudia, mama, rudia. Jua lilichomoza tukiwa tunaiona misheni ya Karema. Nilipoweka mguu mchangani mikono yangu haikuweza kufunguka; bibi alivivuta vidole kimoja kimoja.

Aliishi. Nilibaki naye siku mbili, na wiki ya tatu akarudi kijijini kwa MV Liemba, ile meli iliyoletwa na Wajerumani vipande vipande kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikazamishwa, ikainuliwa, na bado ilikuwa inatubeba. Ilipiga honi usiku mbali na ufuko, kama kawaida yake, na mitumbwi ikaenda kupokea. Nilikuwa mmoja wa waliokuwa ufukweni na chemli. Sijui kama naweza kueleza vizuri furaha ile. Haikuwa ya kusifiwa, kwani hakuna aliyenisifu. Kila mtu alikuwa anahangaika na mizigo yake. Ilikuwa furaha ya kumwona mtu akishuka mtumbwini kwa miguu yake, akilalamika kwamba amelowa.

Siku iliyofuata nikanunua daftari la kurasa 96 dukani. Nikachora safu zangu mwenyewe. Jina, tarehe, kisha safu moja pana, nusu nzima ya ukurasa, ambayo sikuipa kichwa. Humo niliandika yaliyofuata. Kitovu kimekauka. Amepata surua, amepona. Baba amehama. Meno mawili. Ametembea. Amefariki, homa, tulikwenda. Matroni aliniandikia mwaka ulipokwisha akiuliza kuhusu barua. Nikamjibu aitupe.

Niliondoka mwaka 2005, mama yangu alipougua Tabora. Nilirudi katika leba ya hospitali, ingawa si ile ya kwanza, na msongamano niliukuta vilevile. Sitasema kazi ilikuwa nyepesi. Kuna usiku niliochoka mpaka nikakosa adabu, na kesho yake nikamtafuta mama husika kumwomba radhi. Lakini nilikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi wangu waliiona ya ajabu mwanzoni. Kabla ya kwenda nyumbani nilipita wodi ya waliojifungua jana na juzi, kitanda kwa kitanda, nikiuliza umekwendaje. Na niliwakataza kuita mtu kwa kitanda chake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1996 ulikadiria vifo vya uzazi nchini kuwa 529 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 umekadiria 104. Niliposoma tarakimu hiyo ya pili, nikiwa nimestaafu, nililia tena, maana najua ni kazi ya mikono mingapi, na madumu mangapi ya petroli ambayo hayakuandikwa popote. Vilevile hao 104 wana majina.

Bibi alifariki mwaka mmoja baada ya mimi kuondoka. Nilipata habari nimechelewa kuzika.

Mwanzoni mwa 2007 simu yangu ya mkononi iliita, namba nisiyoijua. Alikuwa yule mhudumu wetu, amepanda hadi Mpanda kufuata dawa, anapiga kelele kana kwamba umbali wote ule anaupitisha kwa sauti. Alinipa habari za kijiji, nani kaoa, nani kajenga, jokofu sasa ni la umeme wa jua. Kisha akaniambia jambo jingine, nami nikamwambia subiri, usikate. Nikalitoa daftari sandukuni, nikatafuta ukurasa wa Aprili 2000. Safu ilikuwa karibu imejaa, imebaki nafasi kidogo pembeni. Nikaandika kwa herufi ndogo: Huyu Bado, darasa la kwanza.